Hela ya Kidonge na Hesabu ya Tajiri

Mwaka 2019 nilikuwa naendesha Coaster ya Gongo la Mboto na Kariakoo. Saa kumi alfajiri niko barabarani, saa nne usiku ndiyo narudisha gari. Hesabu ya tajiri, yaani mwenye gari, ilikuwa shilingi 120,000 kwa siku, mafuta juu yangu, kinachobaki tunagawana na konda. Naanza na hesabu kwa sababu karibu kila kosa nililofanya na dawa za sonona lilitokea nikiwa napiga hesabu.

Ugonjwa ulinianza baada ya kumzika mama, au tuseme ndipo nilipoanza kuuona. Usingizi ulinikatika saa nane usiku, nikabaki nasikiliza feni mpaka muda wa kwenda kuchukua gari. Chakula kikakosa ladha. Abiria akisema "suka, shusha" namsikia kama mtu anayeongea ng'ambo ya ukuta, nampitiliza kituo, natukanwa. Siku moja nikalia kwenye foleni ya Tazara, mchana kweupe. Konda akadhani vumbi limeniingia machoni, au alijifanya kudhani hivyo.

Kijiweni neno lililokuwepo lilikuwa moja tu: mawazo. Una mawazo, punguza mawazo, tafuta mtoto mzuri yataisha. Neno "sonona" nilikuwa nalisikia redioni, nikadhani ni la watu wa maofisini.

Kabla ugonjwa haujapata jina nilishalipa sana. Zahanati ya kwanza waliniambia malaria, ya pili taifodi, ya tatu vidonda vya tumbo. Kila mahali damu, kila mahali mfuko wa dawa. Nilipokuja kujumlisha ilipita laki mbili na nusu, na sikuwa nimetibiwa kitu. Aliyenishika ni tabibu mmoja wa hospitali ya serikali ambaye hakunichoma hata sindano. Aliuliza tu: unalala vipi, unakula, unajiona huna thamani, kazi inakushinda kuifikiria? La mwisho likawa: umewahi kuwaza kujidhuru? Nikasema hapana. Akaandika kidogo, akaacha kalamu, akanisubiri. Nikasema ndiyo.

Akaniandikia amitriptilini ya miligramu 25, vidonge viwili kila usiku. Kwenye bahasha ndogo ya dirisha la dawa wakaandika "2x1 usiku". Dirishani pale siku ile zilikuwepo. Zilipokuja kuisha nikanunua mtaani kwa shilingi 100 kidonge, yaani 6,000 kwa mwezi. Nilifurahi. Nikajisemea, kumbe dawa za kichwa bei rahisi hivi.

Usingizi ulirudi wiki ileile ya kwanza. Ulirudi na vingine. Mdomo ulikauka mpaka ulimi unanata juu, nikawa natembea na chupa ya maji kama mtalii. Choo kikawa kigumu, naingia na gazeti na kulimaliza. Haya nilivumilia. Lililonishinda ni asubuhi. Dawa niliyomeza saa tano usiku ilikuwa bado imekaa machoni saa kumi na moja alfajiri. Kuna siku, nikielekea mjini, taa za Vingunguti zilikuwa nyekundu na mimi naziona ni nyekundu, ila mguu haukupata habari mapema. Mbele yangu kulikuwa na guta limepakia viazi. Nilifunga breki, abiria wote wakaja mbele, gari likasimama nikiwa naweza kuhesabu viazi vya juu ya gunia. Mwenye guta hakugeuka hata kutazama.

Mtu mwenye akili timamu angerudi kwa tabibu na kusema: mimi ni dereva, dawa hii inanilaza. Tabibu hakuniuliza kazi yangu na mimi sikumwambia. Kurudi kulimaanisha kupoteza siku nzima, na siku nzima ni hesabu ya tajiri. Basi nikajipangia dozi yangu: siku za kazi simezi, Jumamosi usiku nameza, kwa sababu Jumapili nilikuwa naingia barabarani kwa kuchelewa. Nikajiona mjanja, tena dawa za mwezi zinakwenda miezi kadhaa. Dawa ya namna hii inataka ikae mwilini kila siku, wiki mpaka wiki, ndipo ifanye kazi kwenye sonona. Usingizi unaoupata usiku wa kwanza ni pembeni tu. Kwa hiyo nilikuwa nanunua usingizi wa Jumamosi, na ugonjwa unaendelea na shughuli zake.

Jambo jingine sikulijua kabisa. Vidonge visivyomezwa vilikuwa vinarundikana. Kwenye droo ya kitanda mlikuwa na bahasha tatu, zaidi ya vidonge 70, nyumba yenye mtoto wa miaka minne na baba mwenye sonona. Amitriptilini ikimezwa kwa wingi inavuruga mapigo ya moyo na inaua. Vile vya bei ya karanga ndivyo vilivyokuwa hatari kuliko kitu chochote mle ndani, ukiacha labda mtungi wa gesi.

Malaria ndiyo ilinifumbua macho. Safari hii ilikuwa malaria ya kweli, kipimo kilionyesha. Nikaenda duka la dawa muhimu pale mtaani kununua mseto. Dada wa dukani akaniuliza kama kuna dawa nyingine natumia. Nikasema hakuna. Kisha, sijui kwa nini, nikasema kuna za usingizi. Zipi? Nikamtajia. Akachomoa ile karatasi iliyokunjwakunjwa ndani ya boksi la mseto, ambayo mimi maisha yangu yote huitupa, akaikunjua juu ya kioo cha kaunta na kuanza kuisoma kwa kidole. Akasimama kwenye mstari mmoja. Amitriptilini imetajwa pale kwa jina. Mseto unaweza kulizuia ini kuivunja amitriptilini ikabaki nyingi mwilini, na mzigo unauangukia moyo. Akanirudishia noti yangu. "Kaka, hii sikuuzii. Nenda hospitali leo hii, na hicho kipimo chako, na bahasha ya hizo dawa."

Duka lile halikuwa na hata kiyoyozi. Nimeingia famasi za vioo mjini ambako hakuna aliyewahi kuniuliza swali lile.

Hospitali walinipima moyo kwa mashine, wakanilaza siku mbili na kuitibu malaria kwa namna yao. Ndipo dawa zangu zote zikamwagwa mezani, na uongo wangu wa Jumamosi ukatoka. Wakanipeleka kliniki ya afya ya akili. Nilipita kwenye ule mlango nimeshusha kofia, maana kwa Mtanzania yeyote kliniki ya namna ile ina harufu ya Mirembe, ile hospitali ya Dodoma ambayo jina lake tumelitumia kutaniana tangu shule ya msingi. Kwenye benchi nilimkuta mwalimu, askari wa usalama barabarani (huyu tuliangaliana, tukaangalia chini), na mama mmoja wa makamo anayeuza vitenge.

Daktari wa pale alikuwa mwanamke, mpole, na swali lake la kwanza lilikuwa: unafanya kazi gani? Akauliza pia kama nimewahi kupata kipindi cha kuchangamka kupita kiasi, silali siku kadhaa na sichoki, napanga mambo makubwa na kumwaga hela. Alisema wapo ambao sonona yao ni upande mmoja tu wa ugonjwa mwingine, na dawa hizi zikitolewa peke yake zinaweza kuwarusha upande wa pili. Kwangu haikuwa hivyo. Akanitoa kwenye amitriptilini, akaniweka kwenye fluoksetini, miligramu 20, kimoja asubuhi baada ya chai.

Kisha akamwomba mke wangu aingie. Akamwambia mbele yangu kwamba wiki za mwanzo ni za kuangaliwa, kwa sababu nguvu za mwili zinaweza kurudi kabla moyo haujapona, na mtu aliyekuwa amechoka hata kujidhuru anaweza kupata nguvu ya kujidhuru. Kwa vijana wa chini ya miaka 25 tahadhari hiyo ni kubwa zaidi. Akasema dawa akae nazo mama, na zile za zamani zirudishwe hospitali zote. Zile mpya mke wangu alizifungia kwenye sanduku lake la kanga. Kila asubuhi akawa ananipa kidonge kimoja mkononi kama mtoto anayepewa hela ya shule. Iliniudhi, nikasema. Naye akasema, "Niudhikie hapahapa nyumbani."

Wiki mbili za mwanzo sikuziona raha. Tumbo linachafuka, miguu haitulii, usingizi mwepesi. Ningekuwa peke yangu ningeacha siku ya tano. Wiki ya nne, siku ya kawaida kabisa, konda alimrudishia mama mmoja chenji pungufu, wakatupiana maneno ya pwani, na mimi nikacheka. Nikajisikia nacheka. Nilikuwa nimesahau sauti yangu.

Sasa bei. Dirisha la hospitali mwezi wa pili: "Hiyo imeisha, kanunue nje." Nje, famasi ya kwanza wakanipa boksi zuri la Ulaya, 2,000 kwa kidonge, na nikalipa kwa siku kumi tu kwa kuwa ndiyo hela niliyokuwa nayo. Nikaanza tena kuvutavuta: leo nameza, kesho naruka. Mke wangu akanikamata kwa kuhesabu. Aliponiuliza kwa nini simwambii daktari, nikamjibu kitu ambacho mpaka leo nakikumbuka kwa aibu, kwamba daktari atanionaje.

Angalieni hapo. Nilikuwa nimeshamweleza yule daktari kwamba nilitamani kufa. Kumwambia sina hela ndiko kulikonishinda.

Nilipomwambia, tena kwa kuzungukazunguka, alichukua karatasi yangu na kuandika upya: jina la dawa lenyewe, fluoksetini, bila jina la kampuni. Dawa hii iliruhusiwa Marekani mwaka 1987 kwa jina la Prozac, na kampuni iliyoitengeneza ikaishikilia peke yake huko mpaka 2001. Baada ya hapo viwanda vingine vikaruhusiwa kuitengeneza, vingi viko India, na ndiyo sababu kidonge chenye miligramu 20 zilezile kinaweza kuwa na bei mbili zisizofahamiana. Cha kuangalia ni kama imesajiliwa na mamlaka ya dawa, TMDA, na kama inatoka kwenye famasi inayojulikana, maana Kariakoo huwezi kukosa mtu wa kukupunguzia bei kutoka kwenye begi la mgongoni. Famasi tatu nilizopita siku ile ziliniambia 900, 700 na 500. Zote tatu zipo ndani ya mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Nilichukua ya 500.

Hiyo ni 15,000 kwa mwezi. Daktari aliniambia kwa siku haifiki hata bei ya soda. Ni kweli, lakini yeye analipwa kwa mwezi. Mimi 15,000 kwa mkupuo mara nyingi sina, na 500 kila siku ninayo. Hapo akili ya daladala ikasaidia. Niliweka kopo la Blue Band chini ya kiti, nikamwambia konda kwamba trip ya kwanza ya kila siku, sarafu ya 500 inaingia humu kabla ya mafuta, kabla ya tajiri, kabla ya traffic. Akauliza ya nini. Nikasema ya tairi.

Januari ikanivunja hata hivyo. Ada, sare, madaftari, mchango wa dawati. Nilikuwa na miezi mitatu najisikia mzima, nikaona kumeza dawa huku umepona ni anasa. Nikalimwaga kopo lote kwenye sare za shule, dawa nikaziacha. Na unajua ubaya wa fluoksetini? Haikuadhibu papo hapo. Inatoka mwilini polepole, wiki kadhaa. Kwa hiyo Januari nzima nikawa mzima, Februari katikati nikamsimulia mke wangu jinsi madaktari wanavyotufunga kwenye dawa. Machi sikuweza kutoka kitandani. Gari lilichukuliwa na deiwaka, dereva wa kibarua, siku kumi na tisa, tajiri akalipenda deiwaka, na mimi nikarudi kuwa deiwaka wa gari langu mwenyewe. Hiyo 15,000 niliyookoa kwa mwezi ilinigharimu gari.

Daktari hakunigombeza. Alisema hesabu ya miezi haianzi siku ya kidonge cha kwanza, inaanza siku unapopata nafuu, na kuanzia hapo ni miezi tisa hadi kumi na miwili, kisha kupunguza kwa mpango. Yule mama wa vitenge wa kwenye benchi yeye alikuwa na paroksetini, ambayo hutoka mwilini haraka. Alisafiri msibani akaisahau nyumbani siku nne. Alisema ilikuwa kama shoti ya umeme ndani ya kichwa kila anapogeuza macho, na kizunguzungu cha mtu aliyeshuka kwenye boti. Wenyeji walidhani ni msiba umempanda kichwani. Tangu hapo anatembea na vya siku saba kwenye pochi.

Kuna mawili nayapitia haraka kwa sababu madereva wenzangu watayahitaji. La kwanza ni Diklopa. Mgongo wa dereva haukosi kuuma, na sisi tunameza Diklopa kama pipi. Fluoksetini na dawa za maumivu za kundi hilo, ibuprofeni ikiwemo, zikikutana zinaongeza hatari ya tumbo kuvuja damu. Nilipoona choo cheusi kama lami nilikimbia hospitali, wala sikusubiri tajiri aseme ndiyo. Tramadoli wanayouziana usiku ni mbaya zaidi ukiwa na dawa hizi, inaweza kukuletea degedege la mtu mzima. La pili ni mambo ya chumbani. Yalipungua, nusu ya kijiwe kingeacha dawa kwa hilo tu, na hakuna ambaye angesema sababu. Aliyesema ni mke wangu, kliniki, huku mimi nasoma bango la chanjo ukutani. Daktari akatueleza kuwa ni dawa, kwamba kuna namna za kurekebisha, na kwamba wanaume wengi wanaacha kimyakimya halafu wanarudi wakiwa wamebebwa. Tukarekebisha.

Nilikaa kwenye fluoksetini mwaka mmoja na miezi minne jumla, ukitoa ile miezi niliyoiacha. Sasa situmii, ila kadi ya kliniki ninayo kwenye pochi pamoja na leseni. Gari nililonalo sasa ni la tajiri mwingine, na konda ni yuleyule, tulihama wote.

Kopo bado liko chini ya kiti. Safari hii ni la tairi kweli. Wiki mbili zilizopita tumemaliza trip ya mwisho, tumeegesha Gongo la Mboto, anahesabu hela kwenye mwanga wa simu. Akasema bila kuinua kichwa, "Suka, ile dawa yako ya zamani. Ile ya tairi."

Nikamwangalia. Kumbe muda wote ule alikuwa anajua.

"Wanakupima nini kwanza ukienda?"

"Wanakuuliza maswali tu."

"Sasa mtu kama hana hela?"

"Unawaambia hivyohivyo. Kliniki ni Jumanne."

Akafunga noti kwa raba, akazitenga za tajiri. Kisha akatoa sarafu ya 500, akaigeuzageuza, akainama chini ya kiti. Nikaisikia ikigonga bati.